Hita ya maji imekufa: utengeneze au ununue nyingine?

Mwezi wa sita ukiingia huku Mbeya simu yangu haipumziki. Mi ni fundi umeme, mabomba pia nafanya, na kila mwaka baridi ikianza watu wanawasha hita zilizokaa tangu mwaka jana hazijaguswa, ndo hapo utasikia fundi maji hayapati moto, fundi hita inakata umeme nyumba nzima, fundi kuna maji yanadondoka bafuni sijui yanatoka wapi. Nikishafika, kabla hata sijafungua mfuniko, naulizwa swali lilelile: sasa hapa tutengeneze au tununue mpya?

Naongelea hita ya tenki, lile pipa jeupe linaloning'inia ukutani bafuni, la lita 30 au 50 au 80, wengine mnaita boila. Nimeamua kuandika kwa sababu naona watu wengi wanatupa hita nzima kabisa iliyoharibika kitu cha elfu kadhaa, halafu wengine wanang'ang'ana na hita ambayo ilishakufa zamani na sasa ni hatari kwa watoto wao.

Kwa ufupi, kila kitu kwenye hita ni spea isipokuwa tenki la ndani. Elementi, kile chuma kinachopasha maji, inabadilishwa, thamostati, ile inayokata umeme maji yakishapata moto, inabadilishwa, gasketi, waya, taa, vavu, vyote vipo madukani. Tenki lenyewe likitoboka hakuna spea ya tenki, hapo ni kununua. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza sio kuuliza bei, ni kujua tenki ni zima au limetoboka, na hilo unaweza kulijua mwenyewe bila fundi kama ukitulia.

Kabla ya chochote zima swichi ya hita halafu nenda na kwenye meini swichi uzime breka yake kabisa, usiamini ile swichi ya ukutani peke yake maana nimeshakuta nyingi zimefungwa kinyume, inakata nyutro na laivu, ule waya wenye umeme, inabaki imesimama palepale. Kama huna tesa, ile ya kupimia kama umeme upo, au hujui kuitumia usifungue ule mfuniko wa chini, ishia kwenye kuangalia kwa nje na mwite fundi. Bafuni ni mahali pa maji na miguu peku.

Maji yanatoka wapi

Chukua kitambaa ukaushe hita yote kwa nje, juu, chini, kwenye mabomba, pakauke kabisa. Halafu zungushia tishu ya chooni kwenye kila maungio, pale maji baridi yanapoingia, pale ya moto yanapotoka, na pale kwenye vavu. Subiri nusu saa. Tishu itakayolowa ya kwanza ndo imekupa jibu.

Ikilowa ya kwenye maungio una bahati. Hapo ni washa, kile kimpira cha kwenye maungio, imeisha au ile paipu ya kujikunja imechoka, ni kazi ya spana na tepu ya uzi, dakika ishirini umemaliza.

Ikilowa ya kwenye vavu hapa naomba usome taratibu. Ile vavu ndogo iliyopo kwenye bomba la maji baridi, yenye kamkono na katundu pembeni, ni vavu ya usalama. Maji yakipata moto yanatanuka, hita ya lita 50 ukiyatoa nyuzi 20 ukayafikisha 60 yanaongezeka karibu robo tatu ya lita, na kwa kuwa vavu hiyo hairuhusu maji yarudi nyuma kwenye bomba, hiyo ziada inatokea kwenye katundu. Kwa hiyo kudondosha matone wakati hita inachemsha ni kazi yake, sio ubovu. Ubovu ni pale inapodondosha muda wote hata hita ikiwa imezimwa na maji yamepoa, hapo kuna mchanga umeingia ndani au springi imechoka au presha ya bomba la mtaani ni kubwa mno. Dawa ni kubadilisha vavu, ni spea ya bei ndogo sana ukilinganisha na hita.

Kitu ambacho kinaniuma ni kukuta mtu ameziba kale katundu kwa mti au kwa plagi ya bomba eti panalowesha sakafu. Ndugu yangu, siku thamostati ikigoma kukata, maji yataendelea kuchemka kupita nyuzi 100 kwa sababu yamebanwa, na siku tenki likiachia yale maji yanageuka mvuke kwa mara moja, na mvuke unachukua nafasi karibu mara 1,600 ya maji. Ukuta wa tofali hausimami mbele ya kitu hicho. Kama matone yanakukera funga kampira kadogo pale kwenye katundu ukielekeze kwenye shimo la maji ya kuogea, ila mwisho wake uachwe wazi.

Ikiwa maungio yote makavu na vavu kavu lakini maji yanatoka chini kwenye mfuniko wa waya, usikate tamaa mapema. Hapo wengi wanaambiwa tenki limetoboka. Ukifungua mfuniko utaona flenji, kile kisahani cha chuma kilichoshika elementi, kina nati zake na gasketi ya mpira. Mpira ule unakauka na kupasuka kwa miaka, maji yanapenya pembeni yake. Kuna mama mmoja Uyole aliniita, nimefika nimemwamkia, akaniambia mwanangu wewe niangalizie tu kwa kutimiza wajibu, fundi wa kwanza ameshasema haifai na nimeshatenga hela ya mpya. Nikafungua, gasketi imegawanyika vipande viwili. Tukanunua gasketi Mwanjelwa, nikasafisha flenji, nikafunga nati kwa kupishana ili ikae sawa, mpaka leo anaoga maji ya moto. Hela aliyotenga alinunulia bati za jiko la nje.

Ila kama flenji ni kavu, na maji yanatokea kwenye maungio ya ganda la nje au yanapenya kupitia lile povu la ndani linalozuia joto lisitoke, na yana rangi ya kutu, basi hilo ni tenki. Dalili nyingine ni ganda kuvimba au kuwa na madoa ya kahawia chini, na maji ya moto kutoka na rangi ya chai wakati ya baridi ni meupe. Maji ya kahawia peke yake bila kuvuja bado sio hukumu, ila yanakuambia kutu imeshaanza.

Kuhusu kuchomelea tenki

Utaambiwa, dada hii tunachomelea tu inapona, bei ndogo. Usikubali. Sisemi hivi kumharibia mtu kazi, nasema kwa sababu ya lile tenki lilivyotengenezwa. Matenki mengi ni ya chuma cha kawaida kilichopakwa enameli kwa ndani, ileile ya kwenye mabakuli na masinia ya zamani ya bibi zetu. Unakumbuka bakuli lile likidondoka ile nyeupe ikabanduka, pale palipobanduka ndo kutu inapoanzia na haiishi tena. Sasa moto wa kuchomelea unaibandua enameli eneo kubwa kuzunguka tobo, kwa hiyo unaziba tobo moja unafungua njia ya mengine matano. Mwalimu mmoja mteja wangu alichomelewa mara mbili kabla hajanipigia, elfu 40 na elfu 40, ndani ya miezi minne likavuja mara ya tatu pembeni kidogo tu ya kiraka, na lile povu lilikuwa limeungua lote kwa hiyo hata joto halikai tena. Nilimwambia ukweli, mwalimu hapa sina cha kukufanyia. Ile elfu 80 alikuwa ameshafika mbali kwenye kununua mpya.

Na kiraka hicho kinapaswa kubeba presha kila siku. Vavu nyingi za hita zinafungua kwenye presha ya baa 7 au 8, ina maana tenki lazima livumilie mpaka hapo. Mi siwezi kulala nikijua mtoto wa mtu anaoga chini ya kiraka changu.

Haivuji, ila haipashi au inakata umeme

Hapa habari ni nzuri karibu mara zote, maana umeme wa hita ni vitu vitatu vinne tu.

Anza na swali rahisi, taa ya hita inawaka? Haiwaki na swichi iko oni, basi tatizo linaweza kuwa hata sio la hita, angalia breka, angalia swichi ya ukutani kama imeungua, mara nyingi waya umelegea pale nyuma ukaunguza plastiki. Kama umeme unafika, kuna kitufe kidogo kwenye thamostati, kwenye nyingi ni chekundu, kinaruka chenyewe joto likizidi. Kikandamize, ukisikia ka mlio "tik" hita inaweza kufufuka palepale. Ila kikiruka tena wiki hiyohiyo usiendelee kukibonyeza, thamostati imechoka, badilisha.

Elementi unaipima kwa mita ya fundi, ile ya kupimia umeme, umeme ukiwa umekatwa na waya zake umezichomoa. Ya wati 1,500 itasoma kama ohm 35, ya 2,000 kama 26, ya 2,500 kama 21. Ikisoma sifuri imeshoti, isiposoma kabisa imekatika. Halafu pima kati ya ncha ya elementi na bodi ya chuma ya hita, hapo mita isisome kitu. Ikisoma, elementi imepasuka ganda na umeme unaingia kwenye maji, hiyo ndo hita inayokata umeme nyumba nzima kama una breka inayokata umeme ukivuja, ile yenye kitufe cha T. Kwa nyumba ambayo haina breka hiyo na aithi yake, ule waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini, ni ya kubahatisha, ndo ile mtu anashika koki anasema "inanichoma choma kidogo". Hakuna kuchoma kidogo jamani. Zima hita siku hiyohiyo, isiwashwe mpaka elementi ibadilishwe na aithi ipimwe, na ukipata nafasi weka hiyo breka, ya miliampia 30, hii nakuomba hata kama utapunguza vingine.

Elementi ikiwa imeungua jiulize kwa nini. Ukiitoa imefunikwa ukoko mweupe kama ule wa kwenye birika basi ni chumvi za maji, ukoko unaizuia isipoe inajiunguza yenyewe. Ukiikuta safi ila imepasuka katikati mara nyingi iliwashwa bila maji, maji yalikatika mtaani na vavu ya kuzuia kurudi haikuwepo au ni mbovu, tenki likajimwaga kupitia bomba. Ukibadilisha elementi bila kuondoa sababu utaniita tena baada ya miezi.

Halafu kuna kitu kinaitwa anodi ambacho sijawahi kukutana na mteja anakijua. Ni fimbo ya magnesiamu iliyofungwa kwenye flenji au karibu yake, kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tenki. Ikiisha, kutu inahamia kwenye tenki. Ukimuita fundi kwa tatizo lolote la kufungua flenji mwambie akuonyeshe anodi. Ikiwa imebaki waya mtupu au nyembamba kama kalamu, weka mpya hapohapo maana kazi ya kufungua umeshailipia. Kwa maji ya kawaida iangalie kila miaka miwili, kwa maji ya kisima yenye chumvi, ndugu zangu wa Dar mnanielewa, kila mwaka. Hapo Dar hata tenki la stenlesi haliko salama, chumvi inalitoboa vitobo vidogo vidogo.

Na maji ya moto yakinuka kama mayai viza usiitupe hita, ni vijidudu vinavyofanya kazi pamoja na ile magnesiamu. Pandisha joto mpaka 60 na zaidi kwa saa kadhaa, kisha fungua maji yote yatoke.

Sasa hesabu

Tenki zima, ubovu unaujua, sababu unaijua. Hapo ndo uulize bei, jumla ya spea na ufundi, na uiweke pembeni ya bei ya hita mpya pamoja na kufungiwa. Kipimo changu mwenyewe ni hiki: hita haijafika miaka mitano, tengeneza, usifikirie mara mbili, na kabla hujalipa tafuta risiti maana kampuni nyingi zinatoa garantii ndefu zaidi kwa tenki kuliko kwa elementi. Imepita mitano mpaka minane, tengeneza kama gharama haizidi theluthi ya mpya. Tuseme mpya ni laki tatu na nusu, basi laki moja na kitu ndo mwisho. Imepita minane na anodi haijawahi kubadilishwa, hata kama leo ni elementi tu, mi nakushauri fungua flenji umulike ndani na tochi kwanza. Ukiona kutu imepanda kuta za tenki acha hela yako, utaweka elementi mpya kwenye tenki lenye miezi.

Kuna sababu moja ya kununua mpya ambayo inatajwa sana na haina uzito, eti ya zamani inakula umeme. Elementi haina ujanja, umeme wote unaoingia unakuwa joto ndani ya maji, iwe mpya iwe ya zamani. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 20 hadi 60 ni uniti kama 2.3, iwe elementi ya wati 1,500 itakayochukua saa moja na nusu au ya 2,500 itakayochukua chini ya saa. Kwa Luku, mita yetu ya kulipia umeme kabla, ya tarifa ya kawaida, uniti ikiwa kama shilingi 356 na kodi zake, hiyo ni kama shilingi 820. Na kama uko kwenye ile tarifa ya watumiaji wadogo wanaotakiwa wasizidi uniti 75 kwa mwezi, ukipasha tenki hilo mara moja kila siku ni karibu uniti 70, utatolewa humo bila kujua kilichokutoa.

Umeme unaopotea ni ule wa joto linalotoroka, povu likiwa limelowa au limeungua, au koki ya maji ya moto inadondosha. Jipime mwenyewe, usiku hita ikishachemka na taa yake imezima, zima vitu vingine vyote, andika uniti za Luku, acha hita oni ulale, asubuhi kabla mtu hajafungua maji angalia zimeondoka ngapi. Zikiwa zimeondoka uniti mbili au tatu kwa usiku mmoja bila mtu kuoga, hapo sawa, una sababu ya kweli ya kubadilisha.

Ukiamua kununua, angalia kwanza kama gasketi na elementi ya aina hiyo zinauzwa mjini kwako, sio Kariakoo tu. Hita ya bei poa ambayo flenji yake ni ya pekee yake duniani utaitupa kwa ajili ya mpira. Angalia alama ya TBS, Shirika la Viwango. Fundi wa kukufungia muulize leseni yake ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, bila aibu, mwenye nayo hakasiriki. Siku ya kufunga, jaza maji mpaka yatoke kwenye koki ya moto bila kukohoa hewa, ndo uwashe umeme, sio kinyume chake. Na usitupe hita ya zamani kabla hujachomoa thamostati kama ni nzima.

Wapangaji, ongeeni na mwenye nyumba kabla ya kutoa hela, na mkikubaliana ukatwe kwenye kodi iandikwe hata kwa meseji. Hita uliyonunua mwenyewe ni mali yako, ila ya kwake ukiitengeneza inabaki ya kwake.

Zile shawa za papo hapo sitasema mengi. Elementi yake ni koili ndogo ya bei rahisi, badilisha tu. Ila plastiki ikiyeyuka au kupasuka, au ukiona waya umebadilika rangi, toa yote. Hizo zinavuta mpaka wati 5,500, ni ampia 24, kwa hiyo nyingi nilizozikuta zimeungua zilifungwa kwenye waya wa soketi wa 2.5 (unene wake kwa milimita za mraba), na ukifunga mpya kwenye waya uleule itaungua vilevile. Vuta waya wake wenyewe wa 6 kutoka kwenye meini swichi na breka yake.

Ikishafungwa, iwe imetengenezwa au mpya, chukua maka peni uandike ubavuni pa hita tarehe, nini kimebadilishwa, na mwezi wa kuangalia anodi. Mi naandika kwenye kila hita ninayoshika, na fundi anayekuja baada yangu akinikuta pale ukutani anaanzia hapo.